Kobe, greda na mtu wa kusema simama

Niliendesha greda kwa miaka 28. Nilianza kama tanboi wa lori la maramu, nikahamishiwa kupaka mashine grisi, halafu asubuhi moja opareta akaamka na malaria nikaambiwa nipande mimi. Sikushuka tena mpaka mgongo uliponishusha mwaka 2019. Ukipita barabara za vumbi za bara ya Malindi, kuelekea Magarini na kwingineko, nyingi nimezilaza kwa mkono wangu. Nayataja haya mwanzo ili msomaji ajue kwamba anayeandika habari za kobe hapa ni mtu wa mashine.

Kobe wa kwanza niliyemuua nilimsikia kabla sijamwona. Ilikuwa kiangazi, mwezi wa pili, saa nne asubuhi, tunafungua njia mpya katikati ya migunga na mikoma. Dereva wa greda anazijua sauti za kisu chake. Jiwe lina mlio wake, kisiki kina mlio wake, mzizi huvuta kwanza halafu huachia. Huu haukuwa mmojawapo. Ulikuwa kama mtungi wenye maji unapopasuka. Nikainua kisu, nikazima, nikashuka. Alikuwa kobe wa madoa, yule mkubwa wa manjano na nyeusi, gamba limefunguka ubavuni, na mayai yamemwagika mchangani. Meupe, ya mviringo kamili. Mawili yalikuwa hayajavunjika. Yeye mwenyewe alikuwa bado anapiga miguu kama anayekwenda mahali.

Nyapara akaja na pikipiki kuuliza mashine ina nini. Nikamwonyesha. Akaangalia saa yake, akasema, "Fundi, songa."

Nikasonga. Sikumzika. Tuta la udongo la mkupuo uliofuata ndilo lililomfunika, na juu yake leo hupita matatu na bodaboda.

Mwaka uliofuata, katika kazi nyingine, nilimwona mwingine mapema. Nikazima mashine, nikambeba kwa mikono miwili hadi kwenye kichaka upande wa pili. Alinikojolea mikono na suruali, maji mengi ambayo hungedhani yametoka kwa mnyama mdogo kiasi kile. Jioni nikakatwa nusu siku kwa kusimamisha mashine bila ruhusa. Nusu siku kwa mtu mwenye watoto watatu shuleni ni kitu. Baada ya hapo nilijifunza kuangalia mbele sana, mbali, mahali ambapo kichaka ni kichaka tu. Nasema kweli: nilijifunza kutoona.

Binti yangu Sidi alisomea mazingira pale Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Siku moja, nimekaa barazani nauguza mgongo, akaja na simu mkononi. "Baba, sikia hii. Huko Marekani, wakijenga shamba la sola jangwani, gari likishaegeshwa haliondoki mpaka dereva ainame aangalie chini yake kama kuna kobe."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Tangu siku hiyo, kila akirudi kutoka kazini tulikuwa tunasoma pamoja, yeye akinifasiria pale Kiingereza kinaponishinda.

Jangwa lenyewe ni Mojave. Kaskazini-mashariki mwa mji wa Las Vegas, jimbo la Nevada, wanaishi wenyeji wa asili wa kabila la Moapa Paiute. Ardhi yao ilitengwa mwaka 1873, karibu ekari milioni mbili. Mwaka 1875 ikakatwa zikabaki ekari 1,000. Soma tena namba hizo. Walikaa hivyo zaidi ya miaka mia moja, mpaka 1980 waliporudishiwa ekari kama 70,000. Sisi Wagiriama hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Bibi yangu alikuwa akituambia habari za mwaka 1914, watu walipofukuzwa kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki na nyumba zao kutiwa moto, kwa sababu Mekatilili wa Menza alisimama akakataa vijana wasiende kuwatumikia Waingereza. Alizitaja nyumba hizo moja moja, nani alikuwa na mnazi gani mlangoni.

Ubavuni mwa ardhi ya Wamoapa kulikuwa na kituo cha umeme wa makaa ya mawe, Reid Gardner, tangu 1965. Upepo ukivuma upande wao, majivu yalikuja majumbani. Mwezi wa Aprili 2012 walitembea kwa miguu siku tatu kutoka pale hadi Las Vegas kutaka kifungwe. Kikafungwa 2017, na mwaka huohuo sola iliyojengwa kwenye ardhi yao, megawati 250, ikazinduliwa rasmi. Umeme wake unanunuliwa na jiji la Los Angeles. Lilikuwa shamba kubwa la kwanza la sola kwenye ardhi ya wenyeji wa asili nchini Marekani. Ndugu zetu wa Lamu, ambao leseni ya kiwanda cha makaa kilichopangwa kujengwa kwao ilifutwa mwaka 2019, watawaelewa watu hawa haraka kuliko mimi.

Naeleza hayo yote kwa sababu watu wa Moapa hawakubebeshwa sola kwa nguvu. Waliitaka. Walikuwa wamechoka kukohoa. Lakini ardhi ile waliyoitoa, takriban ekari 2,000, ilikuwa na kobe chini yake.

Chini hasa. Kobe wa Mojave huishi shimoni hadi asilimia 95 ya maisha yake, akikimbia joto na baridi. Sheria ya Marekani inamlinda tangu 1990. Jike hawezi kutaga mpaka afikie umri wa miaka 13 hadi 20, na mtoto akitoka yaini gamba lake huwa laini kwa miaka kama mitano, kunguru anamdonoa atakavyo. Kwa hiyo ukiua jike mmoja mzima, wa kushika nafasi yake hapatikani mwakani wala miaka mitano ijayo. Nilipofika hapo nilimwomba Sidi tupumzike. Mayai yale mawili yalikuwa yamenirudia.

Halafu kuna habari ya mkojo. Kobe yule huhifadhi maji kwenye kibofu, ndiyo akiba yake ya kiangazi kizima. Ukimshtua au kumbeba vibaya huyamwaga yote, na katika jangwa lisilo na mvua kumwaga huko kunaweza kumuua siku nyingi baadaye, wewe ukidhani ulimwokoa. Nikamkumbuka yule niliyembeba. Miaka yote nilikuwa nadhani ile ilikuwa hasira yake kwangu.

Sasa kazi yenyewe, sehemu niliyotaka nisomewe mara tatu.

Kwanza huja uzio, kabla ya mashine yoyote. Si seng'enge ya ng'ombe. Ni wavu wa chuma wenye matundu madogo, umezikwa kama sentimita 30 ardhini ili kobe asichimbe akapita, na juu unafika usawa wa goti. Uzio ukikamilika, watu wanaingia kwa miguu. Wanajipanga mstari, kati ya mtu na mwenziwe mita tano, wanatembea eneo lote, kila kichaka, kila tundu. Wakimaliza wanarudia upya, na wakipata kobe mzunguko wa pili, hawajamaliza. Shimo likipatikana linachimbwa kwa mkono, kwa koleo dogo, polepole, si kwa mashine. Anayemshika kobe anavaa glavu mpya kwa kila mmoja, kwa kuwa wana ugonjwa wa njia ya hewa unaoambukizwa. Joto likipita nyuzi 35 hawashikwi kabisa, kazi inangoja jioni au kesho. Kila kobe hupewa namba, na wengi hugundishwa kidude cha redio mgongoni ili wafuatwe huko watakakopelekwa.

Na mambo madogo, ambayo ni mtu wa saiti tu anayejua uzito wake. Mabomba yaliyolazwa chini hayanyanyuliwi kabla ya mtu kuchungulia ndani, maana kobe huingia kutafuta kivuli. Mtaro hauachwi wazi usiku bila mteremko wa kupandia. Takataka za chakula hufungiwa kwenye mapipa, kwa sababu kunguru wakizoea makombo ya wajenzi watabaki kula watoto wa kobe. Bauza la maji linanyunyiza vumbi lakini maji hayaachwi yakatuama, kwani dimbwi huwaita kobe na kunguru vilevile. Hili la maji lilinigusa. Sisi tulikuwa tunamwaga mpaka barabara inang'aa, tukijisifu kwamba tumefanya kazi safi.

Lakini kilichonifanya niandike leo si wavu wala redio. Ni kwamba mtaalamu wa kobe kwenye saiti ana mamlaka ya kusimamisha mashine. Mtu anayelipwa kutazama chini anaweza kuinua mkono, na opareta kama mimi anazima, na nyapara hana la kusema. Mwaka 2011, katika shamba jingine la sola linaloitwa Ivanpah, upande wa California, serikali yenyewe ilisimamisha sehemu ya kazi kwa muda kwa kuwa kobe walioonekana walizidi waliotarajiwa. Mradi wa mabilioni ulingoja, kisha ukaendelea, ukamalizika, na taa zikawaka.

Mimi nilikuwa na macho. Nilichokosa kwa miaka 28 ni mtu mwenye haki ya kuniambia nizime.

Sitaki msomaji adhani huko mambo ni mazuri tu. Kobe aliyehamishwa hataki kukaa. Hutembea, anatafuta kwao, anazunguka kwenye uzio mpaka anachoka, na akiwa njiani ndipo anapoliwa. Mwaka 2021, katika mradi mwingine wa Nevada, kobe 139 walihamishwa na katika wiki chache kama 30 wakauawa, walioshukiwa ni wanyama wachimbaji wanaofanana na nyegere wetu. Ulikuwa mwaka wa ukame, hao nao hawakuwa na cha kula. Kwa hiyo wapo wanaosema heri kobe asihamishwe kabisa, shamba lijengwe kwa namna ambayo atarudi humo. Katika mradi wa Gemini, jirani na Wamoapa, sehemu kubwa ya mimea haikukwanguliwa. Ilikatwa tu kwa juu, mizizi ikaachwa, na uzio ukaachiwa nafasi za kobe kupita chini ya paneli.

Hapo nilinyamaza muda. Maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa kukwangua. Ukimwajiri dereva wa greda, unamlipa alaze nchi iwe kama meza. Kumbe nguzo ya paneli inaweza kuwa ndefu hapa na fupi pale ikafuata kilima, na nyasi zikabaki, na udongo wa juu, ule mweusi ambao ukiuondoa hata mchicha hauoti tena, ukabaki mahali pake.

Huku kwetu sola si ndoto. Langobaya kuna shamba la megawati 40 lililoanza kutoa umeme mwishoni mwa 2021. Jua tunalo, na ardhi inaonekana tupu kwa anayeiangalia kutoka ndani ya gari. Mwaka huu walikuja watu wawili kupima karibu na kwetu, mbele ya Marafa, wakaacha vigingi vyenye utepe mwekundu. Baada ya wiki tatu tukaitwa barazani chini ya mwembe.

Niseme wazi, nautaka umeme huo. Dada yangu hulipa shilingi 20 dukani kila akitaka simu ichajiwe, na mjukuu wake anasomea kwenye koroboi mpaka asubuhi pua imekuwa nyeusi ndani. Mzee mmoja alinigeukia nilipotaja kobe. "Baba Sidi, watoto wetu hawana taa, nawe unatuletea habari za kobe?" Watu wakaguna kuonyesha wamekubaliana naye. Nilimjibu kwa heshima kwamba taa naitaka kama yeye, na kwamba kati yetu sote pale mwembeni mimi peke yangu ndiye nimewahi kumpasua kobe kwa kisu cha greda, kwa hiyo aniruhusu niulize. Akaniruhusu.

Nikawauliza wageni swali moja: nani atatembea mbele ya mashine, na akisema simama, nani atamsikiliza?

Walikuwa vijana wa adabu. Walieleza kwamba tathmini ya athari za mazingira itafanywa kama sheria ya 1999 inavyotaka. Nikawaambia naijua sheria hiyo kwa jina. Nimefanya kazi miaka 20 ikiwepo, na sikuwahi kuonyeshwa ukurasa hata mmoja wa ripoti ya mahali nilipokuwa nakwangua. Ripoti inakaa kwenye kabati mjini, opareta anakaa kwenye kiti, kobe yuko katikati. Waliandika swali langu kwenye daftari. Nililiona likiandikwa, kwa hiyo nalitaja hapa hadharani ili lisipotee.

Sidi aliongeza jambo ambalo mimi sikuwa nimeliona. Kobe wa Mojave ana shimo lake, na shimo linaonekana; mtaalamu anaweza kulipigia alama. Kobe wetu wa madoa hachimbi makao. Hujilaza chini ya kichaka, kwenye nyasi ndefu, au huazima tundu la mnyama mwingine. Na yule mdogo wa kahawia, anayejifunga nyuma kama mlango, hufanana kabisa na jani kavu na jiwe. Huwezi kumwona ukiwa juu ya mashine, hata ukitaka. Kama wao wanahitaji watu wa kutembea mita tano kwa tano, sisi tunawahitaji zaidi. Na watu wenyewe wapo: vijana wanaochunga mbuzi humo kila siku, wanaojua kobe hutokea wapi mvua za kwanza zikinyesha. Hao ndio waajiriwe, wafundishwe, wapewe filimbi na karatasi yenye mhuri inayosema mashine itazimwa wakipuliza.

Hatukungoja jibu. Jumamosi iliyopita tuliamua kutembea wenyewe, tujue kilichopo kabla mtu mwingine hajatuambia hakuna kitu. Tulikuwa 16, pamoja na mzee yule wa mwembeni, ambaye alikuja bila kuitwa na fimbo yake. Nilileta kamba ya katani niliyoifunga mafundo kila mita tano, kila mtu akashika fundo lake. Tulianza saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado pole, wakati kobe anapotoka kula. Kanuni ilikuwa moja: anayeona chochote anainua mkono na kusema simama, na mstari wote unasimama, awe nani. Hakuna kumgusa mnyama, maana kumshika kunataka kibali, na baada ya habari ya mkojo nisingekubali kwa vyovyote.

Saa nzima hatukuona kitu ila mchwa na kinyesi cha paa. Kisha tukakuta gamba tupu, limeungua, la kobe aliyekutwa na moto wa kusafishia shamba. Kijana mmoja akasema hilo analijua, shamba lilikuwa la baba yake. Akalishika muda mrefu kisha akalirudisha palepale.

Mjukuu wa dada yangu, yule wa koroboi, ana miaka kumi. Nilikuwa nimempa fundo la mwisho pembeni, ili asichoke. Tulipofika karibu na mikoma, upande ambako vigingi vimeingia ndani kabisa, nikasikia sauti yake nyembamba.

"Simameni!"

Kamba ikakaza. Watu 15 wakasimama, mzee wa mwembeni mguu mmoja mbele. Mtoto alikuwa ameinua mkono kama wa darasani. Hatua nne mbele yake alikuwa kobe wa madoa, mkubwa, ana majani mdomoni, anatutazama. Hakujifungia. Alimaliza kutafuna, akaanza kuvuka mbele ya mstari wetu, akapita kando ya kigingi chenye utepe, akaelekea kwenye nyasi za upande wa pili.

Alichukua dakika kumi na kitu. Hakuna aliyesogea. Kichaka kilipomfunika, mtoto akanitazama kuuliza kama sasa inafaa. Nikamwambia ni yeye wa kusema. Akangoja kidogo zaidi, akashusha mkono, tukaendelea.